Scikit-learn na Locust: zana za kupima seva kwa mzigo wa kweli

Kwa ofisi ya uwakala wa forodha pale Kilindini yenye mfumo wake wa kufuatilia makontena, zana hizi mbili za bure zinatosha kabisa. Scikit-learn, maktaba ya Python ya kuchambua data, hupanga vikao vya watumiaji (kila kikao ni matumizi ya mtu mmoja kwa mkupuo mmoja) kwa makundi; Locust huwaigiza watumiaji hao ili kuipa seva mzigo.

Chukua logi (kumbukumbu za maombi yanayofika kwenye seva) za wiki nzima, ikiwemo siku meli inaposhusha. Kila kikao kiwe mstari mmoja wa jedwali, wenye vipimo vitatu: idadi ya maombi, sekunde kati ya ombi na ombi, baiti za nyaraka zilizopakiwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Baiti ni mamilioni, maombi ni makumi, na KMeans, kanuni ya Scikit-learn ya kupanga makundi, hupima umbali tu. Baiti zitameza vipimo vingine vyote. Zigeuze kwanza kuwa logarithimu, kisha pitisha vipimo vyote vitatu kwenye StandardScaler, inayoviweka kwenye mizani moja. Idadi ya makundi usiiache kwenye 8 iliyowekwa tayari. Jaribu 3 hadi 10, ulinganishe alama za silhouette, zinazoonyesha makundi yametengana vizuri kiasi gani.

Kwenye Locust kila kundi ni darasa lake (class, aina ya mtumiaji kwenye msimbo): lenye asilimia 60 ya vikao lipe weight, yaani uzito, wa 60. Tafadhali usiigize kitovu cha kundi peke yake, maana wastani hufuta wale wachache wanaopakia nyaraka nzito, na hao ndio huiangusha seva. Chota vikao halisi kutoka kila kundi.

Dosari ya Locust: mtumiaji wake husubiri jibu kabla ya kutuma ombi jingine. Seva ikilemewa, mzigo nao hupungua, na msongamano unafichika. Tazama maombi kwa sekunde, si idadi ya watumiaji pekee.