Maji ya kijani kwenye tangi la sato: ukiwa Dar, nunua nini kwanza

Ukiingia duka la samaki wa mapambo ukasema tangi lako la akwaponiki (samaki na mboga wanaotumia maji yaleyale) limegeuka kijani, utaonyeshwa taa, filta na chupa za dawa. Mimi nakushauri uanzie duka la vifaa vya ujenzi. Ukijani huo ni mwani, vijimea vidogo vya majini, nao hustawi kwa vitu viwili, rutuba na mwanga. Rutuba huwezi kuifuta, kwa sababu ndiyo inayolisha mchicha na chainizi vyako. Kilicho ndani ya uwezo wako ni mwanga, na Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta: mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, wala hakuna msimu wa giza utakaokupumzisha. Ndiyo maana katika mpangilio huu vinavyozuia jua vimetangulia, na vinavyopambana na mwani ukishaota vinafuata nyuma.

Suala hili si la sura ya maji tu. Mchana mwani hunyonya kaboni dioksaidi na pH (kipimo cha uchachu wa maji) inapanda, yaani uchachu unapungua. pH ikipanda, tena maji yakiwa ya moto, amonia inayotoka kwa samaki huwa sumu kali zaidi. Usiku mwani nao unavuta oksijeni ileile ya samaki, ndipo alfajiri unawakuta sato wamejaa juu wanatweta. Kwa hiyo kama huna kipimo cha pH na amonia cha matone, kiwe kwenye orodha yako kabla ya kifaa chochote cha umeme. Pima pH saa kumi na mbili alfajiri, halafu saa tisa alasiri. Tofauti ikiwa kubwa, jua mwani umeshika hatamu.

1. Kifuniko

Shilingi yako ya kwanza iende hapa. Chaguo langu ni makuti, yale yanayoletwa mjini kutoka pande za Mkuranga na Bagamoyo. Ukiyaezeka vizuri juu ya fremu ya miti yanakata karibu jua lote, hewa inapita, na hayashiki joto kama plastiki. Joto lina uzito wake hapa: maji ya nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hubeba kama 9. Januari na Februari, tangi likiwa uani bila kivuli, samaki wanalisikia pengo hilo. Ubaya wa makuti ni kwamba yanachakaa na kudondosha vumbi, basi tandaza chandarua kikuukuu kisafi chini yake. Kiwe kisafi kweli, kisichotiwa dawa ya mbu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Shedineti, yaani wavu wa kivuli, ndiyo inayonunuliwa na wengi, na Kariakoo haikosekani. Angalia asilimia ya jua inayozuiwa. Ya 50 inafaa juu ya mboga za majani, si juu ya samaki. Jua la saa sita likipita hapo mwani unashangilia. Kwa tangi chukua ya 80 na uikunje mara mbili. Plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe upande wa juu inafanya kazi safi kwa tangi dogo. Bati linazuia mwanga wote lakini linatema joto chini, kwa hiyo liinue walau nusu mita.

Nailoni nyeusi ya ujenzi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote na inatosha kabisa, mradi usiilaze juu ya maji. Ukiilaza umeziba njia ya hewa, na samaki watakulaumu usiku huohuo. Ivute kwenye fremu, iache nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye maji, pembeni pabaki wazi. Kifuniko chochote kati ya hivi kitakukinga pia na kunguru, na kitawazuia sato wanaoruka nje ya tangi.

2. Tangi na mipira isiyopitisha mwanga

Kama bado hujanunua tangi, chukua jeusi au lenye tabaka jeusi ndani. Yale matangi meupe ya lita 1,000 yenye fremu ya chuma ni imara na watu wanayapenda, lakini kuta zake zinapitisha jua. Ukifunika juu pekee, mwani utaota pembeni. Muulize muuzaji lilibeba nini kabla, na kama hana jibu linaloeleweka, liache. Ukishalipata safi, paka rangi kwa nje tu: nyeusi kwanza ya kuua mwanga, kisha nyeupe juu yake ya kurudisha joto. Asiyetaka kazi ya rangi alizungushie turubai.

Mipira ya maji ya uwazi usiinunue kabisa, hata ikiwa rahisi. Mwani huota ndani yake, njia inabanwa, pampu inahangaika. Na kwa kitanda cha kokoto, pale mboga zinapoota, kuna dawa isiyouzwa: rekebisha bomba la kutolea maji ili sentimita 3 hadi 5 za juu za kokoto zibaki kavu wakati wote.

3. Mimea zaidi

Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa akwaponiki ndogo unatoa kipimo cha gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani. Ukimwaga gramu 100 kila siku, unahitaji mita za mraba mbili hadi mbili na nusu za mboga zilizokolea. Una nusu yake? Rutuba inayobaki ndiyo karamu ya mwani. Miche ya mchicha, chainizi au sukuma wiki inaanza kunywa rutuba hiyo mapema na unakula mwenyewe. Kupunguza chakula kinachobaki kinaelea nako kunasaidia sana.

4. Taa ya UV

Taa hii ya mionzi ya urujuanimno (UV), ambayo maji hupitishwa ndani yake, inafanya kazi kweli, lakini kwa tatizo moja tu. Chota maji kwenye glasi ya uwazi. Yakiwa kijani yenyewe, mwani unaelea, na taa itausafisha unapopita ndani yake. Maji yakiwa angavu huku kuta zimejaa nyuzi za kijani, taa haitazigusa. Hapo unahitaji brashi mpya na mkono wako. Bakteria wazuri wanaogeuza amonia wengi wameshikamana na kokoto na kuta, hivyo hawaathiriki sana.

Kabla ya kulipa, fikiria gharama zinazofuata. Taa ya wati 18 ikiwaka usiku na mchana inakula kama uniti 13 kwa mwezi, juu ya zile za pampu. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifa ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75, hizo si za kupuuza. Balbu huchoka baada ya takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo hata kama bado unaiona inang'aa, basi hakikisha duka linauza balbu ya akiba ya aina hiyohiyo. Kama unaongezea mimea madini ya chuma, UV huyavunja, na majani machanga yanaweza kupauka. Na usiitazame ikiwaka, inaumiza macho.

5. Filta ya sponji

Nunua au jitengenezee kwa ndoo za lita 20, kwa ajili ya kinyesi na mabaki ya chakula. Chembe za mwani unaoelea ni ndogo mno, zinapenya kwenye sponji, kwa hiyo muuzaji akikuahidi kwamba filta peke yake itaondoa ukijani, anakuahidi kisichowezekana. Ikiwa pamoja na UV, itakamata mwani uliokufa ukagandana.

6. Samaki na konokono wa kula mwani

Sato wenyewe ni walaji wazuri wa mwani. Ukiongeza samaki, unaongeza kinyesi, na rutuba inazidi. Konokono wa kuokota mtoni au bwawani usiwalete nyumbani: wapo wa maji baridi wanaobeba kichocho, na wewe mikono yako iko kwenye tangi hilo kila siku. Isitoshe, wanaziba mabomba.

Vya kuacha dukani

Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, unaua mwani, lakini kipimo kikizidi kidogo unaua na samaki. Shaba haiozi, inabaki kwenye mfumo unaokulisha mboga. Klorini ya kutibia maji ya kunywa inamaliza samaki na bakteria pamoja. Shabu inatuliza uchafu chini, inashusha pH, na mwani unarudi. Dawa za chupa za samaki wa mapambo nyingi hazikutengenezwa kwa tangi la samaki wa kuliwa, na baadhi huua mimea.

Ukishanunua kifuniko

Usifunike tangi la kijani lote kwa siku moja. Mwani mwingi ukifa kwa pamoja huoza, unamaliza oksijeni na kupandisha amonia. Funika nusu kwanza, punguza chakula, pampu ya hewa iwake muda wote, na ubadilishe asilimia 10 hadi 20 ya maji. Ya bomba ya DAWASA yaache kwenye chombo cha wazi kwa siku nzima au zaidi ili klorini itoke. Pima amonia kila siku; ikitulia, malizia nusu iliyobaki. Sato waliokulia kwenye maji ya kijani wanaweza kuwa na ladha ya tope, kwa hiyo wa kupika wahamishie kwenye maji safi yenye hewa kwa siku chache bila chakula kabla ya kuwachinja.