Kozi ya uongozi kupitia mgogoro wa Cuba: nzuri, ila imeharakishwa mwishoni

Nasimamia idara ya mauzo, na kozi hii nimeipenda kwa sababu haihubiri. Sehemu kubwa inahusu Oktoba 1962, makombora ya Wasovieti yalipogunduliwa Cuba. Tulisoma barua mbili za Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti: ya kwanza ya kulegeza, ya pili yenye masharti makali. Rais Kennedy wa Marekani akaijibu ile ya kwanza, na suala la makombora ya Marekani nchini Uturuki, lililotajwa katika ile ya pili, likamalizwa kwa siri. Mkufunzi alitutaka tuandike jibu letu kabla ya kuliona la Kennedy. Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kumwachia mteja aliyekasirika nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Vikwazo vya kibiashara, vinavyotugusa zaidi, vimepitiwa juujuu. Wakiongeza saa nzima hapo, nitawapeleka wasaidizi wangu wote.