Glock 19 Gen5: bastola ya kubeba chini ya shati na mazoezi inayoyataka

Mwenye leseni halali anayetaka bastola moja tu ya kubeba kiunoni aanze kuiangalia Glock 19 Gen5. Zipo nyembamba na nyepesi kuliko hii, ila kwa kujifunza kulenga, kufyatua na kurudia haraka, nyingi kati ya hizo humtesa mpigaji.

Modeli hii ilitoka 1988, na kizazi cha tano kikafuata 2017. Mtutu ni milimita 102, kimo pamoja na magazini ni 128, na magazini yake ya kawaida hupokea risasi 15 za milimita 9 × 19. Kwenye Gen5 vibonde vya vidole mbele ya mpini vimeondolewa, jambo jema, kwa sababu havikuwahi kulingana na mikono ya watu wote.

Wanunuzi wengi hukazania urefu wa mtutu. Mtutu umezama ndani ya suruali, hauonekani; kinachotuna kwenye shati ni kitako cha mpini. Ndiyo maana Glock 43X inashangaza wengi: kimo chake ni kilekile, milimita 128. Inachoishinda 19 ni unene, 28 dhidi ya 34. Kwa anayeshinda kwenye joto la Mombasa na shati jepesi, hizo milimita sita zina maana kubwa. Lakini 43X ina risasi 10, na wepesi wake huongeza teke, yaani msukumo wa nyuma bastola inapolia, kwa hiyo risasi ya pili huchelewa. SIG P365 ni fupi zaidi. Ukitumia magazini isiyo na ulimi chini, kidole cha mwisho hukosa pa kushika kwa watu wengi. Ukiweza kununua moja tu, chukua 19.

Glock haina kitufe cha usalama ubavuni. Kinga zake tatu ziko kwenye triga (kifyatulio) na ndani, na zote hujiachia triga ikivutwa, iwe na kidole au na pindo la shati. Hivyo holsta, mfuko wa kubebea bastola kiunoni, ni sehemu ya silaha. Iwe ya plastiki ngumu, ifunike triga yote, na mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Ngozi iliyolegea huingia kwenye triga wakati wa kurudisha. Mshipi nao uwe mgumu, la sivyo mpini utaning'inia nje. Unaporudisha bastola, kidole kikae ubavuni mwa slaidi (sehemu ya juu inayoteleza mbele na nyuma), mkono wa pili upandishe shati juu kabisa, tazama holsta, ingiza polepole. Hakuna haraka ya kurudisha.

Leseni ya Kenya hutaja pia idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuwa nayo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi itakuwa makavu, yaani bila risasi halisi. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, tazama chemba, tundu linalokaliwa na risasi nyuma ya mtutu, na uiguse kwa kidole. Risasi zote zihamie chumba kingine. Lenga ukuta usiopenyeka na risasi, tumia risasi bandia. Weka sarafu juu ya slaidi, nyuma tu ya kilengeo cha mbele, uvute triga. Ikianguka, unabana mpini kwa vidole vyote badala ya kusogeza kimoja. Baada ya kila mvuto, vuta slaidi nyuma kidogo ili triga irudi mbele.

Kwenye uwanja wa shabaha anza mita tano. Mpigaji wa mkono wa kulia akiona matundu yanakusanyika chini kushoto, asiguse vilengeo. Anasukuma bastola chini kwa kulisubiri teke. Mwombe mwenzako achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kuona. Triga ikilia "tak" na mdomo wa mtutu ukainama, kosa limejionyesha lenyewe.

Ganda likisimama kwenye dirisha la slaidi, mara nyingi kifundo cha mkono kimelegea. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, lenga upya. Risasi mbili zikibanana mdomoni mwa chemba, hiyo haitoshi: ikwamishe slaidi ikiwa nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, pakia magazini nyingine. Na slaidi isipobaki wazi risasi zikiisha, angalia vidole gumba kabla ya kulaumu springi. Gen5 ina kizuizi cha slaidi, kinachoishikilia wazi, pande zote mbili, na gumba lililolala juu yake hukizuia kupanda.

Risasi ileile ikiingizwa chembani na kutolewa kila siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, na shinikizo hupanda ikifyatuliwa. Ilinganishe kimo na nyingine za boksi lile, iliyofupika usiifyatue.

Kuifungua bastola ili kuisafisha ndipo penye hatari, kwa kuwa lazima triga ivutwe kabla slaidi haijatoka. Kagua chemba mara mbili, kila mara bila magazini. Ukishasafisha, tia matone machache ya mafuta kwenye reli, mtutu na pale nyuma ya fremu ambapo upau wa triga hugusana na konekta. Njia ya pini ya kufyatulia ibaki kavu. Mafuta hapo hukamata uchafu na kuipunguzia pini nguvu. Vilengeo vya plastiki vinavyokuja nayo ndivyo sehemu yake dhaifu. Badilisha viwe vya chuma mapema.