Kubaki au kukimbia: Luwum na Kivengere, Uganda 1977

Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameshapekuliwa nyumbani usiku wa manane, mtutu wa bunduki ukimwelekea. Hata hivyo, alipoitwa na serikali tarehe 16, alikwenda. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Mwili ulikuwa na matundu ya risasi.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, yeye alivuka milima kwa miguu na mkewe, wakaingia Rwanda. Wapo wanaomwita mwoga. Mimi siwezi: huko nje alisema wazi yaliyotokea, akahubiri kumsamehe Amin (hilo nalo si jepesi), na 1979 akarudi. Ila mizani yangu bado inainama kwa Luwum.