Diski ya nje: uifomati FAT32, NTFS au exFAT?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Diski hii mnayoiona mkononi mwangu ni ya terabaiti 1, nimeitoa kwenye boksi leo asubuhi. Kabla sijaweka hata picha moja, tuamue kwanza tunaifomati vipi, yaani tunaipa mfumo gani wa kupanga mafaili ndani yake.

Hili nalitilia mkazo kwa sababu limeshanikuta. Nilipiga video ya harusi, nikahariri usiku kucha, faili likatoka gigabaiti 6. Asubuhi mwenye harusi yuko mlangoni na flashi yake. Nikikopi, kompyuta inagoma: faili ni kubwa mno. Na flashi ni tupu kabisa! Kumbe ilikuwa FAT32. Fomati hiyo haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata diski yenyewe iwe kubwa kiasi gani. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 4 zinajaa hata dakika 6 hazijaisha. Basi FAT32 mimi nawaachia wenye redio za gari na TV za zamani.

Tuje NTFS. Ilikuja na Windows NT mwaka 1993, na ninachoipendea ni daftari lake. Kabla haijagusa mpangilio wa mafaili, inaandika kwanza inachotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi inasoma daftari na kuuweka mpangilio sawa. Faili ulilokuwa unakopi litakuwa nusu, ndiyo, lakini mengine yanabaki salama. Kama diski yako haitoki kwenye Windows, chukua NTFS, usihangaike.

Ila tazameni hapa kwenye Mac. Nimechomeka diski ya NTFS, video inafunguka, inacheza vizuri. Sasa nalivuta faili nilitupie ndani... haliingii. Mac inaisoma NTFS, lakini kuandika humo mpaka uweke programu ya ziada.

Hapo ndipo exFAT inapotusaidia. Microsoft waliitoa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za memori, na kadi za SDXC, zile zinazozidi gigabaiti 32, huja nayo tangu kiwandani. Inasoma na kuandika kwenye Windows na Mac, na Linux imeikubali ndani yake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Kikomo cha gigabaiti 4 hakipo.

Lakini exFAT haina lile daftari, jamani. Waya wangu wa USB uliwahi kulegea nikiwa nakopi. Nilipochomeka tena, folda moja ilikuwa na majina ya ajabu ajabu, hayafunguki. Kwa hiyo kazi ya wateja usiiweke kwenye diski moja tu, iwe fomati yoyote.

Hii yangu inazunguka kwa wateja wa Mac na wa Windows, kwa hiyo naipa exFAT. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, hamisha vyako kwanza. Nabofya kulia juu ya diski, nachagua Format, hapa kwenye File system naweka exFAT, halafu Start. Sekunde chache, tayari. Nakopi ile video ya gigabaiti 6... imeingia yote. Sasa sichomoi hivi hivi, nabofya Eject, nasubiri inijibu. Haya, imeniruhusu. Nachomoa.