TAHADHARI: Kuna anayeuza breki za nyuma za Honda ATC kwa jina la "mpya", kumbe ni chuma kuukuu kilichopakwa rangi

Wakuu, salaam. Ujumbe huu ni kwa Waswahili wenzangu mlioko Marekani na Kanada mnaomiliki, au mnaotafuta kununua, zile pikipiki za porini za matairi matatu: Honda ATC, Yamaha Tri-Moto, Kawasaki Tecate na jamii yake. Yupo muuzaji anayezunguka kwenye kurasa za kuuziana vitu, anatangaza seti za breki za nyuma akisema ni mzigo wa kiwandani wa miaka ya 1980 ambao haujawahi kufungwa. Ni uongo. Mzigo wake nimeushika mkononi, nimeufungua na nimeupima. Ukiufunga ukashuka nao mlima, unaweza kuumia vibaya, na kama mpandaji ni mwanao ni hatari zaidi.

Kwa asiyezijua mashine hizi: si bajaji wala guta. Unazipanda kama pikipiki, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, matairi mapana yanayojazwa upepo kidogo sana ili yapite kwenye mchanga, theluji na matope. Honda walianza kuziuza Marekani mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimejaa mashambani. Ajali zikawa nyingi, watoto wakaumia na kufa, serikali ikaenda mahakamani, na mwaka 1988 makampuni yakakubali kuacha kuuza mpya. Mwaka 2008 sheria ikafunga kabisa mlango wa kuingiza na kuuza mpya za matairi matatu. Kwa hiyo kila unayoiona leo ni mzee wa miongo kadhaa, na spea zake ni zile zilizosalia maghalani, za kuigiza, au zilizong'olewa kwenye mikweche. Bei zinapanda kila mwaka. Penye uhaba wa namna hiyo matapeli hawakosi.

Breki ya nyuma ndiyo roho ya mashine hizi, na watu wengi hawalijui hilo. Ekseli ya nyuma ni moja, imenyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, haina difu, yaani gia ya kuruhusu kila gurudumu lizunguke kwa mwendo wake. Kwenye nyingi, dramu moja (bakuli la chuma linalozunguka na ekseli) ndiyo inayosimamisha magurudumu yote mawili. ATC70 na ATC90 hazina kabisa breki ya mbele. Hata zile zenye breki mbele, ukiikamata kwa nguvu kwenye mteremko mashine inakulalia, kwa sababu mbele kuna tairi moja tu la kuibeba. Ikifa breki ya nyuma, huna kitu cha kuegemea.

Mimi nina Honda ATC inayoitwa Big Red, ya 1983, ile inayoendeshwa kwa mnyororo. Maji ya tope yalikuwa yamepita kwenye sili yakaingia ndani ya dramu, jambo la kawaida kwa mashine za umri huu, maana breki imefungiwa ndani ya kifuniko kinachotegemea sili na oringi kukaa kavu. Sili ikizeeka, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Breki shuu (vile vipande viwili vinavyobana dramu kwa ndani) zikala kutu, kemu inayozisukuma ikaganda. Nikaanza kutafuta seti nzima, na huyu bwana alikuwa nayo: dramu, breki shuu, springi, kemu na sili, kwa dola 185. Picha safi, pakiti ya plastiki yenye nembo ya Honda, maelezo yamepangwa kama ya mtu anayeijua kazi. Lugha yake tamu kupita kiasi. Akaniambia atanipunguzia dola 20 nikilipa kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Nikakataa, nikamwambia nalipa kwa PayPal kwa njia ya ununuzi wa bidhaa, si ile ya kutumiana ndugu na marafiki. Akazungukazunguka kidogo, mwisho akakubali.

Mzigo ukafika. Nieleze nilichokiona, kwa sababu ndicho kitakachowasaidia mkiletewa wa namna hiyo.

Dramu ilikuwa nyeusi tii, inang'aa. Nilipoikwaruza kwa ukucha ukingoni, rangi ikabanduka na chini yake kutu ya rangi ya chungwa. Dramu ya kiwandani ina maandishi ya MAX DIA na kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, yamechongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye hii rangi ilikuwa imejaa ndani ya herufi mpaka huwezi kuzisoma. Nikazichokonoa, nikapima ndani kwa venia (kipimo cha kupimia vipenyo), kipenyo kilikuwa kimeshapita kikomo. Kisha nikatazama meno ya katikati, yale yanayoshika ekseli. Meno mazima juu yake ni bapa. Haya yalikuwa yamechongoka kama meno ya papa. Dramu yenye meno kama hayo ukiipachika kwenye ekseli nzuri inacheza, na kucheza kwake kunaanza kuila ekseli. Bei ya ekseli ni kubwa kuliko seti yote ya breki, kwa hiyo hata ukiponyoka salama, mfuko hauponi.

Breki shuu ndizo zilizonitisha. Lainingi ya breki hizi, yaani tabaka linalosugua dramu, imegundishwa kwa gundi juu ya aluminiamu, haijapigwa ribiti. Kwa juu zilionekana nzuri, unene upo, zimepigwa msasa mpaka zikawa kama mpya. Nikachukua wembe, nikausukuma taratibu pale lainingi inapokutana na chuma. Ukaingia. Nikausogeza mbele, ukazidi kuingia, na kipande chote cha lainingi kikanyanyuka mkononi kama ganda la andazi. Chini yake kulikuwa na unga mweupe wa aluminiamu iliyoliwa na unyevu na gundi iliyokauka ikawa vumbi. Kipande hicho kikibanduka ukiwa kwenye mwendo, ama kinajibana kati ya shuu na dramu, magurudumu yote mawili yakafunga ghafla, ama unakanyaga pedali mpaka chini na hakuna kinachotokea. Na kwa kuwa kila kitu kimefungiwa ndani ya kifuniko, huoni dalili yoyote kabla.

Springi zilikuwa zimeachana mizunguko; springi nzima mizunguko yake imegusana. Sili niliikunja kidogo ikapasuka. Karatasi ya namba kwenye pakiti ilikuwa imechapishwa kwa printa ya nyumbani, wino unatoka kwa kidole kilicholowa. Namba za spea za Honda za wakati ule zina makundi matatu, na kundi la katikati hutaja modeli ambayo spea hiyo ilitengenezewa kwanza. Lililoandikwa pale halikuwa la mashine yangu. Hilo peke yake lisikufanye umwite mtu mwizi, kwa sababu spea moja inaweza kuingia modeli nyingi na ikabaki na namba ya ile ya kwanza. Ila nilipoitafuta namba hiyo kwenye katalogi ya Honda, ilikuwa ya kifaa kingine kabisa, wala hakihusiani na breki.

Nilimwandikia. Jibu la kwanza: ni kutu ya juu juu tu, kawaida kwa mzigo uliokaa ghalani. Nikamtumia picha ya lainingi iliyobanduka. Akanifungia mawasiliano. Nikafungua malalamiko PayPal na picha zote, pesa zikarudi. Mkumbuke kwamba dirisha la malalamiko ni siku 180 tangu siku ya malipo, kwa hiyo ukinunua breki leo kwa mradi wa mwaka ujao, fungua boksi siku linapofika. Matapeli wa spea za zamani wanapenda sana wateja wanaoweka boksi juu ya kabati kusubiri msimu.

Baadaye nikakutana na wengine waliotapeliwa. Ndugu mmoja Mtanzania aliyeko Ohio alilipa kwa Zelle seti ya ATC185S. Pesa ya Zelle ikishatoka kwa hiari yako, benki nyingi zitakuambia pole. Huyu hakuletewa hata hiyo takataka yangu. Alipewa namba ya kufuatilia mzigo, na mtandao wa posta ukaonyesha umefika mjini kwake na umepokelewa. Mchezo wenyewe ni huu: tapeli anatuma bahasha tupu kwenye anwani nyingine iliyo ndani ya msimbo wa posta uleule, na kwa kuwa ukurasa wa kufuatilia huonyesha mji tu, inaonekana kana kwamba umepokea wewe. Ikikutokea, nenda posta yako na namba hiyo, waombe waangalie kilifikishwa wapi na wakuandikie barua kwamba hakikuja kwako. Barua hiyo ina uzito mkubwa kwenye malalamiko ya kadi au PayPal.

Mwingine, mwenye ATC350X ya breki ya diski nyuma, alishawishiwa atume kalipa yake (kifaa kinachobana diski) ifufuliwe. Ilirudi imepuliziwa rangi ya dhahabu. Alipoifungua, pistoni ilikuwa na vishimo vya kutu vilevile na sili ni zile za zamani, zimepakwa grisi. Alilipa dola 140 kwa rangi. Kwa kalipa, usipokee kazi ya mtu bila picha ya pistoni ikiwa nje na sili mpya zikiwa bado kwenye pakiti.

Jina la muuzaji huyu silitaji kwa sababu amekuwa akibadilisha, na picha anazotumia zina uwezekano mkubwa si zake. Mtamtambua kwa tabia. Picha zake nyingi zimepigwa juu ya kitambaa kilekile cha bluu chenye doa la mafuta pembeni. Anasukuma Zelle kabla hujauliza bei. Ukimwomba video fupi ya venia ikiwa ndani ya dramu, au picha ya breki shuu ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe, anakuwa na safari. Muuzaji mkweli wa vitu hivi hakasirikii swali kama hilo. Wengi watakutumia picha zaidi ya ulizoomba, maana nao wanaipenda kazi.

Na hapa niseme neno ambalo baadhi ya wakusanyaji hawatalipenda. Kwa breki, "mpya wa mwaka 1983" si sifa. Hata ungekuwa mzigo halisi kabisa, gundi ya lainingi imekaa miaka zaidi ya 40. Tena lainingi nyingi za wakati ule zilikuwa na asbesto. Kwa hiyo mkifungua dramu ya zamani msipulize vumbi kwa kompresa, lowesheni kwanza kwa maji au dawa ya kuoshea breki, pangusa kwa kitambaa cha kutupa, na watoto wakae mbali. Breki shuu mpya za mashine hizi bado zinatengenezwa, kampuni ya EBC wanazo za modeli nyingi, na sili na beringi za ekseli zinapatikana kwa kampuni ya All Balls. Tanki la mafuta na vitu vya namna hiyo tafuteni vya asili, hapo nawaelewa. Breki nunueni mpya ya kweli. Dramu ndiyo ngumu, na dramu ndiyo ya kupima kabla ya kulipa.

Kama tayari umefunga seti iliyotoka kwa mtu wa namna hii, usiipande. Usidanganywe na mshale wa kuonyesha ulaji ulio kwenye mkono wa breki, huo unapima kemu imezunguka kiasi gani, haujui kama lainingi imeshika. Inua nyuma, vua gurudumu na hab, legeza nati mbili kubwa za ekseli zinazokabana, fungua kifuniko, vuta dramu, kisha jaribu wembe kama nilivyoeleza, pande zote mbili za kila shuu. Wakati wa kurudisha weka sili na oringi mpya, na zile nati mbili zikabane kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako, kwa sababu zikilegea ndizo zinazoanza kuua meno.

Waliopigwa waripoti hata kama ni dola 60. Tume ya Biashara ya Marekani inapokea kwenye ReportFraud.ftc.gov, FBI kwenye ic3.gov, na kama mzigo au bahasha tupu ilipita posta, wapo wakaguzi wa posta ambao kazi yao ni hiyo. Mimi nimeshaandika kwao. Mwenye picha za kile kitambaa cha bluu au za pakiti yenye namba ya kuchapisha nyumbani anitumie, nitaziongeza kwenye faili. Tangazo lake jipya la seti ya ATC110 bado lipo hewani.