Nyumba ya kusubiria kujifungua, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma

Nilimpeleka mdogo wangu katika nyumba ya wajawazito ya kituo kimoja cha afya wiki mbili kabla ya tarehe yake, kwa sababu kijijini kwetu hakuna barabara, na uchungu unapoanza usiku huku ziwa limechafuka, hakuna boti inayothubutu kuondoka. Wakunga walimpokea kwa heshima na kumpima shinikizo la damu kila asubuhi. Chakula, kuni na vifaa vya kujifungulia tulijigharamia wenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama: mama husubiri mume auze dagaa, au mama mkwe aseme kwamba wakati umefika. Paa la jiko linavuja. Hata hivyo, shemeji yangu, mwenye mimba ya miezi saba, nitampeleka hapo hapo.